Marehemu Rhobi wa Susuni

Watu wasiotoka Mara hawajui kwamba Rhobi ni jina la mwanamke. Wakilisikia Dodoma au Morogoro, likifuata jina la msichana, wanadhani ndilo jina la baba yake, na hakuna anayeuliza zaidi. Agustina Rhobi alijificha ndani ya kutojua huko kwa miaka mingi, na huenda angejificha humo mpaka leo kama asingekuwa amechagua mwenyewe kazi ya kuchunguza nyumba za watu.

Alizaliwa Susuni, wilaya ya Tarime, katika boma la mwanamke. Rhobi alifiwa na mume akiwa bado na nguvu zake, na katika uzazi wake wote hakubakiwa na mtoto wa kiume. Ng'ombe alikuwa nao, shamba alikuwa nalo, lakini nyumba ilikuwa inaelekea kufungwa. Basi akafanya kama wanawake wa Kikurya walivyofanya kabla yake: akatoa ng'ombe, akaoa. Alimwoa Mokami, binti wa watu wa ng'ambo ya mto, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba ya Rhobi. Ndoa ya namna hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mwanamume aliyemzaa Agustina, na baadaye mdogo wake Mseti, alikuwepo mahali fulani. Haikuwa siri, ila hakuwa na nafasi katika mazungumzo ya pale.

Watoto walimwita Rhobi Bibi, lakini kazi zake zilikuwa za baba. Alishika plau mwenyewe nyuma ya maksai. Kwenye mikutano ya shule alikaa benchi la mbele pamoja na wazee, na akizungumza walimsikiliza. Siku alipompeleka Agustina kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu, mgeni aliyehamia kutoka Ruvuma, aliuliza jina la baba wa mtoto. Rhobi akamwambia aandike la kwake. Mwalimu akaandika, akamwita mtoto mwingine.

Kijijini hakuna aliyeona ajabu. Aibu Agustina aliikuta sekondari, bwenini mjini Tarime, kwenye foleni ya uji. Msichana mmoja wa Kikurya aliwaeleza wenzake wa kutoka Mwanza na Bukoba maana ya lile jina: kwamba baba yake Agustina anavaa khanga. Walicheka. Kilikuwa kicheko cha mara moja, na wiki iliyofuata walishasahau, wakapata jingine la kucheka. Agustina hakusahau. Alibaki ameshika kikombe chake cha bati, masikio yanawaka, na kabla uji haujapoa alikuwa ameshaanza kutunga.

Alitunga kwamba Rhobi alikuwa baba yake mzazi, mchimbaji, na kwamba alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Matongo, yeye akiwa hajaanza kutembea. Ilikuwa habari nzuri kwa kazi hiyo. Watu hufa hivyo kweli kule, na anayeisikia husema pole halafu hunyamaza.

Akaenda nayo chuo kikuu Dodoma, akasomea uchumi. Darasani kulikuwa na kijana mmoja wa Tarime, Kornelio, aliyeinua kichwa siku ya kwanza jina liliposomwa, akamtazama, akarudisha macho chini. Hakusema neno siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na kwa kutosema huko Agustina akamwogopa zaidi. Miaka mitatu alikuwa anachagua kiti ambacho Kornelio asingeweza kumwona uso. Mahafali yalipofika alituma nauli ya mtu mmoja. Akaja mama yake, Mokami, na kitenge kipya, wakapiga picha chini ya bendera za chuo. Rhobi alibaki na ng'ombe. Alimtumia mhitimu kuku wa kukaanga kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na wenzake chumbani wakamla, wakauliza nani fundi huyo. Agustina akasema ni shangazi.

Alipoendelea na shahada ya pili, msimamizi wake alikuwa Dakta Limbu, Msukuma wa Bariadi, mtu mpole mwenye kumwita kila mwanafunzi mwanangu. Aliwauliza mmoja mmoja wanataka kuchunguza nini. Wengine walisema mfumuko wa bei, wengine bei ya pamba, mmoja alisema thamani ya shilingi. Agustina akasema anataka kujua nani anaamua nini ndani ya nyumba: nani anasema mahindi yauzwe sasa au yasubiri, nani anasema ng'ombe atoke zizini, na kama msemaji huyo ni mwanamke, je, sahani za watoto zinabadilika au hazibadiliki.

Dakta Limbu aliweka kalamu chini. Akamwambia kwamba watafiti wengi huzeeka kabla hawajapata swali la kwao, na yeye amelipata mapema. Akauliza amelitoa wapi. Agustina akajibu kwamba alilisoma kwenye makala fulani.

Swali lilimpeleka mbali. Akaajiriwa kama mtafiti msaidizi kwenye mradi wa Dakta Limbu, na mradi ukapata fedha za kuchunguza kaya katika wilaya mbili, Tarime na Serengeti. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu ya kompyuta. Susuni haikutoka, na Agustina alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akiwa ameketi mbele ya wenzake na uso mkavu.

Wadadisi, yaani wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, walifundishwa Mugumu. Miongoni mwao alikuwepo Scholastica, mama mmoja wa Morotonga, mcheshi na mwenye subira, aliyeweza kuketi na wazee mpaka wakasahau kwamba wanahojiwa. Wiki ya pili ya kazi alimpigia simu Agustina mchana, akiwa uwanjani mwa watu.

"Dada, nimefika kwenye kaya moja hapa, mume ni mwanamke. Tableti inanikatalia."

"Inakukatalia vipi?"

"Nikibonyeza mume, halafu nikibonyeza jinsia ya kike, inanirudisha nyuma. Na wamenieleza wenyewe, wazi kabisa. Bibi ndiye aliyeoa."

Agustina alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, kompyuta mapajani. Kosa lilikuwa la dodoso, na dodoso alikuwa amelitunga yeye. Kulirekebisha kulihitaji kuongeza mstari mmoja, na wadadisi wote wangeupata kabla ya jioni. Lakini mstari ule ungehitaji maelezo kwa Dakta Limbu, na maelezo yangezaa maswali, na yeye ndiye mtu pekee ofisini anayetoka huku.

"Mwandike mjane," alisema. "Yule mdogo mwandike ndugu."

 Scholastica akasema sawa, dada.

Simu kama ile zilikuja tena, kutoka kwake na kwa wengine, na jibu likawa lile lile. Takwimu zilipofika Dodoma, kaya zile zilionekana za ajabu. Wajane wazee wenye ng'ombe wengi, wakiishi na ndugu vijana wenye watoto na wasio na waume, na wanawake hao wawili wakigawana maamuzi kwa namna ambayo haikufanana na nyumba nyingine yoyote. Zilivuruga matokeo. Dakta Limbu akamwita Agustina kwenye meza yake, akamwonyesha kwa kidole, akamuuliza hizi ni nini.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Mzee alikuwa peke yake, chai yake inapoa, na alikuwa ameuliza kwa nia ya kujua. Agustina akasema ni makosa ya wadadisi.

"Nani hasa?"

"Nyingi ni za Scholastica."

Dakta Limbu alisikitika, akasema mama yule alionekana makini. Akaagiza kaya zile ziondolewe, na awamu ya pili Scholastica asiitwe. Agustina akafanya yote mawili. Kuziondoa kaya hakukuchukua muda wa kunywa maji. Kwa Scholastica alituma ujumbe mfupi wa simu kumshukuru kwa ushirikiano, naye akajibu kwa kumtakia kazi njema.

Makala ikatoka vizuri, ikapelekwa kwenye jarida la nje, na jina la Agustina likaanza kutajwa kwenye mikutano. Ilisema kwamba katika wilaya zile mke hana sauti juu ya ng'ombe, popote pale, bila kujali umri wala mali. Watu walipenda ile popote pale. Dakta Limbu, ambaye hakupenda tabia ya watafiti kuchukua habari za watu na kutoweka, akasema lazima matokeo yarudishwe kwa wenyewe. Ukakodiwa ukumbi mjini Tarime, na tangazo likasomwa redioni siku tatu mfululizo: mtafiti Agustina Rhobi, mzaliwa wa Susuni, atazungumza na wananchi.

Susuni, Rhobi alisikia jina lake mwenyewe likitoka redioni. Alimwambia Mokami amnyooshee gauni la kanisani.

Agustina aliwaona wakiingia wakati ameshaanza kuzungumza. Walikaa safu ya tatu, Rhobi ameweka mikono juu ya mkongojo, kichwa kimeinamia upande wa sikio zuri. Akaendelea. Alisema kwamba katika kaya zote walizozifikia waliangalia mume na mke, na aliposema hivyo aliangalia ukutani.

Maswali yalipofunguliwa, mtu wa kwanza kusimama alikuwa Kornelio. Sasa alikuwa afisa ugani wa wilaya, amenenepa kidogo. Aliuliza kwa adabu, bila kumtazama sana, kwamba zile nyumba ambazo mwanamke ameoa mwanamke mwenzake, ambazo yeye kwenye kazi yake huzikuta kila kata, watafiti walizihesabu vipi.

Dakta Limbu aligeuka kwenye kiti chake.

"Hatukuzipata za kutosha," Agustina alisema. "Zile chache tulizokutana nazo zilikuwa na kasoro."

Kornelio alishukuru, akaketi. Rhobi hakutikisika. Maswali yakaendelea, kuhusu mbolea, kuhusu barabara, mambo ambayo utafiti haukuyagusa, na Agustina akayajibu yote.

Ubaya wenyewe ulikuja kwenye chakula. Agustina alikuwa anatafuta namna ya kuwatoa Rhobi na Mokami nje kwa mlango wa pembeni, lakini Dakta Limbu aliwafikia mapema, sahani mkononi, akainamisha kichwa kumsalimia mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akamgeukia Agustina kwa furaha. "Huyu mama ni nani yako?"

"Ni bibi yangu."

"Mzaa baba?"

Agustina alisema ndiyo. Lilikuwa neno dogo na lilitoka upesi, kama lililozoea njia.

Dakta Limbu aliweka sahani chini, akaushika mkono wa Rhobi kwa mikono yake miwili. "Mama, pole sana. Agustina aliniambia habari za mwanao Rhobi. Kijana kufukiwa mgodini ni jambo zito kwa mzazi. Lakini amekuachia mtoto wa maana."

Rhobi alimwangalia mzee yule, kisha akamwangalia Agustina, kisha Dakta Limbu tena. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kwa hilo kilimtosha. Mokami aliyesimama nyuma yake alikuwa ameacha kutafuna.

"Asante, baba," Rhobi alisema. "Tumeshapoa."

Akauchukua mkongojo wake. Akasema wanawahi pikipiki, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanajikusanya. Agustina aliwasindikiza mpaka getini. Rhobi alipanda pikipiki kwa shida, Mokami akapanda nyuma yake na kumshika kiuno asianguke, wakaenda. Agustina alirudi ukumbini, na mtu mmoja wa halmashauri akampongeza kwa wasilisho safi.

Kesho yake alikwenda Susuni. Barabarani alipanga maneno na kuyapangua. Alimkuta Rhobi uani, anapepeta ulezi kwenye ungo, na Mseti pembeni anatengeneza mpini wa jembe. Alisalimia. Akapewa kigoda. Akaketi.

Rhobi alipepeta kwa muda. Makapi yaliruka, yakamwangukia miguuni. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Nilikufa na nini?"

"Kifusi, Bibi. Kwenye mashimo ya dhahabu. Upande wa Matongo."

"Nikazikwa wapi?"

Hilo Agustina hakuwahi kulifikiria. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza, na yeye mwenyewe hakumtafutia mahali.

"Hawakukupata," alisema.

"Mimi ambaye hata shimo jipya la choo siwezi kulisogelea." Rhobi aligeuza ungo. Mseti alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akainamia mpini wake. "Ungesema homa tu. Homa ingenitosha."

Hakulia wala hakumfukuza. Alimwita Mokami alete uji, Agustina akapewa wa kwake kwenye bakuli kubwa kama mgeni. Alikunywa huku machozi yanamdondokea, na wenyeji wakamfanyia hisani ya kutoyaona.

Alipofika Tarime alimpigia simu Dakta Limbu, akamwambia yote, kuanzia foleni ya uji. Mzee hakumkatiza. Mwishoni akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo Scholastica hakukosea?"

"Hakukosea, Dakta."

Dakta Limbu akasema kaya zirudishwe, na makala itaondolewa jaridani. Kurudia kazi kulikula sehemu kubwa ya mwaka. Matokeo mapya hayakuwa na ule uzuri wa popote pale. Yalisema mambo kwa nusunusu, kwamba katika nyumba fulani hivi na katika nyingine vile, na jarida halikuyataka tena. Dakta Limbu hakumfukuza. Mbele ya watu alisema ni makosa yaliyotokea ofisini, na akajihesabu humo. Lakini mradi uliofuata alimpa mwingine, na tangu siku ile ya simu hakumwita tena mwanangu. Alimwita Bi Agustina, kwa heshima zote.

Kwa Scholastica, Agustina alikwenda kwa miguu yake mpaka Morotonga. Alimkuta anauza dawa za mifugo kwenye duka la shemeji yake. Alipokelewa kwa chai na viazi vitamu, na alipomaliza kueleza, Scholastica alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Nilijua tangu siku ya mafunzo," alisema. "Ulipotaja jina lako."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, dada? Jina ni lako." Kisha akasema kwamba kilichomuuma hakikuwa kuachwa, maana kazi za miradi huisha. Kilichomuuma ni kwamba wenzake wa Mugumu waliambiwa alikuwa anabuni majibu chini ya mti. Agustina akasema atawaandikia wote, mmoja mmoja. Scholastica akasema aandike. Alipoombwa kurudi kazini alikataa, akasema dukani amezoea, na akaendelea kumhudumia mteja aliyekuja kuuliza dawa ya kupe.

Sasa Agustina anaandaa utafiti wa shahada ya uzamivu juu ya nyumba zile zile alizozifuta. Anayesikia humsifu kwa ujasiri, naye sifa hizo humchoma, kwa kuwa anajua alivyofika hapo. Alianza kwa kumwomba Rhobi akubali kuhojiwa. Rhobi alikataa.

"Mimi usiniandike," alisema. "Marehemu hahojiwi."

Mokami ndiye aliyekubali, na kwa haraka iliyomshangaza binti yake. Waliketi nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Agustina alikuwa amewauliza mamia ya wanawake, kwa vinywa vya wengine, nani anaamua nini nyumbani kwao. Lakini yeye hakuwahi kumuuliza mama yake chochote, hata hili la kwanza, kama alitaka kuja kuishi pale.

"Baba yangu alitaka ng'ombe," Mokami alisema. "Mimi nilitaka nisipigwe kama dada yangu alivyokuwa anapigwa kwake. Rhobi hajanigusa kwa fimbo hata siku moja. Andika hilo kwanza."

Agustina akaandika. "Na mengine, mama?"

Mokami alitazama upande wa zizi, ambako Rhobi alikuwa anasikika akimgombeza ndama. "Mengine ni upweke. Nilikuwa msichana, Agustina. Hilo nalo liandike, lakini usije ukamsomea."

Kalamu ilikuwa mkononi. Agustina aliona uso unapata moto, moto uleule wa zamani, ila safari hii hakuwa anamwonea aibu mtu wa nyumba yake. Alikuwa na miaka karibu thelathini, kazi yake ni kuuliza, na alikuwa ameishi na jibu hili chumba kimoja.

Rhobi aliita kutoka zizini. Mseti alikuwa amekwenda mashineni kusaga, na ndama alihitaji kupakwa dawa ya kidonda. Agustina aliondoka pale, akavua viatu vyake vya mjini, akaingia kwenye matope.

"Shika kichwa," Rhobi alisema bila kumtazama. "Usilegeze."

Akashika. Ndama alirusha mateke, akamchafua sketi yote. Rhobi alipaka dawa taratibu, kidonda chote, na alipomaliza akamwambia amwachie.